Kwa nini ngoma za Unknown Pleasures zinasikika kama ziko chumba cha pili

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nilinunua fulana ya mtumba, nyeusi, yenye mistari myeupe ya mawimbi kifuani. Nikaambiwa ni picha ya albamu ya Joy Division iitwayo Unknown Pleasures. Nikaitafuta, nikaisikiliza kwenye simu. Ngoma zinasikika kama ziko chumba cha pili, mwimbaji yuko mbali, na besi ndiyo inayopiga solo. Mimi napiga besi kwenye kwaya yetu, na sijawahi kusikia besi ikifanya hivyo. Je, nimepata nakala mbovu, au albamu ilirekodiwa vibaya? Na ile mistari ni kitu gani?"

Marahaba. Nakala yako ni nzima, na albamu haikurekodiwa vibaya. Ulichokisikia ndicho alichokitaka prodyuza wake, Martin Hannett. Lakini usijione mgeni kwa kuuliza, maana wanamuziki wawili kati ya wanne walioipiga, Peter Hook wa besi na Bernard Sumner wa gitaa, waliposikia kazi imekamilika mwaka 1979 hawakuipenda hata kidogo. Walilalamika kuhusu mambo yaleyale unayoyauliza wewe. Ukielewa walichokuwa wakigombania na Hannett, albamu nzima itakufungukia, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Kwanza vijana wenyewe, kwa ufupi. Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols, bendi ya panki ya London, walipiga katika ukumbi wa Lesser Free Trade Hall mjini Manchester, Uingereza, mbele ya watu wachache. Sumner na Hook, marafiki wa tangu shule kutoka Salford, walikuwemo, na walitoka wameamua kuanzisha bendi. Hook hakuwa na besi. Alikwenda kununua siku iliyofuata. Ian Curtis akaja kuimba, na mwaka 1977 akapatikana Stephen Morris wa drams, kijana wa Macclesfield. Walianza kwa jina la Warsaw, na mapema mwaka 1978 wakajiita Joy Division. Jina hilo lilitoka kwenye riwaya inayohusu kambi za Wanazi, ambako lilitumika kwa sehemu walimofungwa wanawake wa kutumikishwa kingono. Nakuambia kwa sababu unavaa fulana yao na huenda siku moja mtu akakuuliza. Walilaumiwa kwa uchaguzi ule tangu wakati huo, na mimi nakubaliana na waliowalaumu.

Panki waliyoisikia usiku ule ilikuwa muziki wa kasi, makodi machache, kila chombo kikipigwa kwa nguvu zote kwa wakati mmoja. Miaka miwili baadaye vijana wengi wa Uingereza walibaki na ujasiri wake wakaacha kasi yake. Wakaanza kuacha nafasi kati ya chombo na chombo, wakakopa besi nzito za dabu ya Jamaika, yaani rege iliyochanganywa upya studio kwa mwangwi mwingi, wakaleta sinthesaiza. Huo ndio muziki tunaouita posti-panki, na albamu yako ni mojawapo ya nguzo zake.

Jukwaani, hata hivyo, Joy Division walikuwa bado bendi ya kelele. Gitaa la Sumner lilikwaruza, Morris alipiga kwa nguvu, Curtis alicheza kwa mikono kama mtu anayepigana na hewa. Walipoingia studio za Strawberry mjini Stockport, Aprili 1979, walitarajia santuri itakayompiga msikilizaji kifuani kama walivyokuwa wakimpiga ukumbini. Hannett alikuwa na mpango mwingine.

Hannett alikuwa na miaka 30, msomi wa kemia, na tayari alikuwa amesimamia Spiral Scratch, rekodi ya bendi ya panki ya Buzzcocks, iliyotoka mapema mwaka 1977. Pia alikuwa mbia katika kampuni iliyotoa albamu hii, Factory, iliyoasisiwa na Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni ya Granada, na Alan Erasmus. Kumbuka kwamba hakuna mwanabendi aliyekuwa amevuka miaka 23. Prodyuza ni mbia wa kampuni, wewe ni kijana unayerekodi albamu yako ya kwanza. Utamwambia nini?

Sasa tuje kwenye ngoma, kwa sababu hapo ndipo kazi yake ilipo.

Unapopiga drams, kila maikrofoni husikia vyombo vyote. Maikrofoni ya snea, ile ngoma ya fimbo yenye mlio mkali, inadaka matoazi, ya ngoma ya mguu inadaka snea, na chumba chenyewe kinajibu. Tukiita jambo hilo uvujaji, si lazima liwe baya. Sikiliza rekodi za muziki wa dansi zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970: bendi nzima ilipiga pamoja chumbani, magitaa, tarumbeta na tumba vikivujiana, na joto unalolisikia katika nyimbo zile linatokana kwa sehemu kubwa na uvujaji huo. Masikio yanakuambia kwamba watu hawa wamesimama karibu karibu, wanatazamana.

Hannett aliuchukia uvujaji. Alitaka kila pigo liwe peke yake, kavu, bila chembe ya chombo kingine. Alimtaka Morris atenganishe seti yake na kupiga vipande vyake kimoja kimoja inapobidi. Jaribu kufikiria kazi hiyo: mpiga drams ambaye mikono na miguu yake imezoea kwenda pamoja anaambiwa apige snea tu, kwa mwendo usioyumba, huku toazi analiwazia kichwani. Ndiyo maana midundo ya albamu hii ina ukakamavu ambao watu wengi hudhani ni wa mashine. Kwa sehemu kubwa ni Morris. Kuna ngoma za umeme pia, kama ile inayochakarisha kwenye She's Lost Control, lakini mkono ni wake.

Pigo likishakuwa kavu na peke yake, Hannett angeweza kulipeleka popote. Hapa ndipo inapoingia mashine aliyoipenda kuliko zote, kichelewesha sauti cha kidijitali kilichotengenezwa na AMS, kampuni ndogo ya Burnley, si mbali na Manchester. Mashine hiyo hudaka sauti, huihifadhi kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huirudisha. Ukiiweka irudishe kwa kuchelewa sana, unapata mwangwi kama wa bondeni. Hannett aliiweka irudishe upesi mno, kiasi kwamba sikio halitambui marudio. Linachotambua ni kwamba snea imepigwa mahali, na mahali hapo hapafanani na pale alipo mwimbaji. Kisha gitaa analiweka mahali pengine tena. Wanamuziki wanne wa bendi moja, kila mmoja katika jengo lake.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba ngoma ziko chumba cha pili, masikio yako yalifanya kazi sawasawa. Ziko chumba cha pili, chumba ambacho hakikuwahi kujengwa.

Besi ina historia tofauti, nayo haikuanzia kwa Hannett. Hook alikuwa na spika hafifu, na Sumner alikuwa akifungulia gitaa lake hadi mwisho. Akipiga nyuzi nene, besi yake ilimezwa. Akapanda kwenye nyuzi nyembamba, juu kabisa ya shingo, na hapo akajisikia. Curtis akaipenda sauti ile, akawa anamhimiza abaki huko. Wewe unayepiga besi utaelewa nikikupa hesabu. Uzi mnene wa besi yako, ukiachwa wazi, hutetemeka karibu mara 41 kwa sekunde, na ule mwembamba mara 98. Ukiubana huo mwembamba kwenye kituo cha 12 unafika 196, na Hook alikuwa akizunguka maeneo hayo na kupanda zaidi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida ni 82. Maana yake besi ya Hook imekaa katikati ya eneo la gitaa, pale ambapo katika dansi ungemsikia mpiga solo, au yule wa rithim akijibizana naye.

Na Sumner, alipoona katikati pamejaa, hakugombania nafasi. Mara nyingi gitaa lake linakata tu, linakwaruza, linatoweka. Katika Candidate utalisikia zaidi kama vishindo na milio ya mbali, wimbo wote ukiwa umebebwa na besi, drams na sauti ya Curtis. Katika New Dawn Fades wanafanya jambo zuri sana: besi inashuka hatua kwa hatua huku gitaa likipanda, wakipishana njiani. Sikiliza wimbo huo mara ya kwanza ukifuata besi peke yake, mara ya pili gitaa peke yake. Kwangu ndio wimbo bora wa albamu, na dakika yake ya mwisho, Curtis akipaza sauti juu ya gitaa lile, ndiyo mahali pekee ambapo umbali wote wa Hannett unashindwa kumzuia mtu.

Sauti ya Curtis umesema iko mbali. Katika wimbo mmoja iko mbali kwelikweli: kwa Insight, Hannett alimrekodi kupitia laini ya simu, ili sauti ipungue unene na isikike kama ya mtu aliyeko upande mwingine wa mji. Mlio wa kukokota unaousikia wimbo huo unapoanza ni wa lifti ya jengo la studio. Hakuishia hapo. Alitumia choo cha chini ya jengo kwa ajili ya mwangwi wake, alirekodi gitaa na kuligeuza kinyumenyume, na chupa zinazovunjika katika I Remember Nothing ni chupa za kweli. Watu hupenda kusimulia mambo haya kama vituko vya mtu wa ajabu. Mimi nayaona kuwa na mantiki moja. Kila sauti ya nje aliyoiingiza ni sauti ya jengo lenye watu ambao huwaoni: lifti inakwenda, mlango unafungwa, kitu kinaanguka ghorofa nyingine. Sumner alikulia Salford wakati mitaa ya nyumba za zamani ikibomolewa na familia kuhamishiwa kwenye maghorofa. Hannett alizifahamu sehemu zile. Alichokijenga studio kinafanana na maisha ya namna hiyo.

Na kilifaa maneno. Curtis aliandika kuhusu watu waliokatika na wenzao, wanaongoja, wanaomtafuta mtu na kumkosa. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya ajira huko Macclesfield, akiwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Miongoni mwa waliofika kwake alikuwa msichana mwenye kifafa, ambaye baadaye Curtis alipata habari kwamba amefariki. She's Lost Control inatokana na yeye. Mwishoni mwa Desemba 1978, bendi ikirudi kutoka onyesho la London, Curtis mwenyewe alishikwa na degedege garini, na Januari 1979 madaktari wakathibitisha kwamba ni kifafa. Alipoingia Strawberry mwezi Aprili alikuwa akiimba juu ya ugonjwa wa mtu mwingine, naye anao uleule. Sikiliza wimbo huo ukilijua jambo hilo, na usikilize jinsi anavyoimba bila kulia, kama anayesoma taarifa.

Curtis alijiua tarehe 18 Mei 1980, akiwa na miaka 23, bendi ikiwa karibu kuondoka kwa ziara yake ya kwanza Marekani. Waliobaki waliendelea kwa jina la New Order. Nakusihi usiisikilize Unknown Pleasures kama barua ya kifo, jambo ambalo watu wengi hulifanya. Ilirekodiwa zaidi ya mwaka mzima kabla, na vijana wanne waliokuwa na hamu ya kufanikiwa. Kuna ari nyingi ndani yake. Disorder, wimbo wa kwanza, unakimbia: drams zinaanza, besi inaingia, gitaa linafuata, na hadi mwisho mwendo unazidi kupamba moto. Mtu akikuambia albamu yote ni kilio, muulize kama alifika kwenye Interzone.

Na kwa Interzone, naona Hook na Sumner walikuwa na haki. Wimbo huo ulizaliwa mwaka 1978 walipojaribu kuupiga Keep On Keepin' On wa N. F. Porter, wimbo wa soul wa Marekani, wakashindwa na kubaki na mpigo wake tu. Ni wimbo wa kelele, Hook anaimba humo pia, na unahitaji watu wanaopiga bega kwa bega. Ndani ya vyumba vya Hannett unapungua. Wilderness nao ungependeza zaidi ukiwa na uvujaji kidogo. Malalamiko yao kwa ujumla yalikuwa kwamba muziki wao ulikuwa mzito na mkali, na yeye ameupoza. Ni kweli aliupoza. Morris na Curtis waliridhika tangu mwanzo, na miaka ilivyokwenda hata Hook, aliyekuwa mkali zaidi, amekiri hadharani kwamba Hannett ndiye aliyeipa albamu maisha marefu. Mimi niko upande wa Hannett kwa nyimbo nane kati ya kumi. Bendi zilizopiga kwa hasira mwaka 1979 zilikuwa nyingi, na rekodi zao nyingi zinasikika leo kama za mwaka ule. Hii bado inamfanya kijana anayeisikiliza kwenye simu aulize kwa nini snea iko mbali.

Usinisadiki kwa maneno tu. Toleo la mwaka 2007 lina diski ya pili yenye onyesho lao la Julai 1979 katika klabu ya The Factory mjini Manchester, mwezi mmoja tu baada ya albamu kutoka. Humo zimo Disorder, Insight, Shadowplay, She's Lost Control, Wilderness na Interzone. Chukua Shadowplay. Kwenye albamu, besi inaanza peke yake, matoazi yananong'ona, na gitaa linapoingia unalisikia likitokea mbali. Jukwaani gitaa hilohilo linakuja kukubeba. Sikiliza zote mbili mfululizo kisha uamue uko upande wa nani.

Kuhusu mistari ya fulana. Ni nyota. Mwaka 1967 huko Cambridge, Jocelyn Bell, wakati huo mwanafunzi wa Antony Hewish, aligundua mawimbi ya redio yanayokuja kutoka angani kwa mapigo sawasawa, moja kila sekunde 1.337. Chanzo chake, kilichopewa jina CP 1919, ni kiini cha nyota iliyokwisha kulipuka, kinachozunguka kwa kasi na kumulika redio kama mnara wa taa za meli. Kila mstari ni pigo moja, na mistari ni 80, imepangwa mmoja chini ya mwingine. Mchoro huo ulikuwa katika tasnifu ya udaktari ya Harold Craft wa chuo kikuu cha Cornell, mwaka 1970, kutokana na vipimo vya darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, na baadaye ukachapishwa katika ensaiklopidia ya elimu ya nyota. Bendi waliuona humo, wakampa mbunifu Peter Saville. Asili yake ni mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, yeye aliigeuza. Mbele ya jalada hakuandika jina la bendi wala la albamu, jambo ambalo kampuni kubwa isingelikubali. Ilipotoka tarehe 15 Juni 1979 zilichapwa nakala 10,000, na haikuingia kwenye chati kuu ya albamu za Uingereza hadi mwaka uliofuata. Leo fulana zimetembea kuliko muziki, ndiyo maana imekufikia kwa njia ya mtumba.

Sasa jinsi ya kuisikiliza. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini, kwa hiyo inakula ngoma ya mguu karibu yote, inakuachia besi ya Hook iliyo juu, na unadhani chini hakuna kitu. Tumia hedifoni, masikio yote mawili, kwa sababu vyumba vya Hannett viko kushoto na kulia pia. Usiongeze besi kwenye mpangilio wa sauti. Ukiongeza, unaijaza nafasi aliyoihangaikia. Na usichanganye mpangilio wa nyimbo. Santuri ina upande ulioitwa Outside na mwingine Inside, nyimbo tano kila upande, chini ya dakika 40 kwa jumla. Pumzika baada ya New Dawn Fades, kama mtu anayegeuza santuri.

Ukitaka kujaribu mtindo wa Hook kanisani, anza na She's Lost Control, kwa sababu mstari wake wa besi ni mfupi na unarudiwa. Utagundua haraka kwamba ukipanda juu ya shingo, kwaya inakosa sakafu. Kwenye albamu Hannett alikubali sakafu iwe tupu, ngoma ya mguu peke yake ikishika chini, lakini waimbaji thelathini wanaotafuta noti yao hawataweza kuvumilia hivyo. Zungumza na mpiga kinanda mapema. Mwambie mkono wake wa kushoto ushike noti za chini, ndefu, bila kuzicheza-cheza, wakati wewe uko juu, na mkubaliane ishara ya kurudi. Gitaa lipunguze, liingie kwa kukata tu. Na mpiga drams aache matoazi kwenye beti, ayahifadhi kwa kiitikio, maana matoazi na nyuzi nyembamba za besi vikigongana, wote mnapotea.